Mfupa wa Kuku

Kama kuna kitu Kocha Walt Pietrowski alijiona anakijua kuliko binadamu wote wa mji wa Buffalo, basi ni mifupa ya watu. Hakuwa na haja ya kumwona kijana akikimbia, wala akidaka. "Nipe kifundo cha mkono wake tu," alikuwa akisema. "Kidole gumba na cha kati vikikizunguka na kukutana, mwambie akasomee uhasibu." Na watu wazima, wenye akili zao na wajukuu zao, walimsikiliza huku wakitafuna soseji zake na kutikisa vichwa kana kwamba wako kanisani.

Renata Dudek naye alitikisa kichwa. Misimu kadhaa sasa alikuwa akiegesha gari lake ubavuni mwa gari la Kocha, kwenye maegesho ya kokoto nyuma ya uwanja wa mpira wa Kimarekani, mahali mashabiki wanapochoma nyama kabla ya mechi, na kila siku ya mechi ya nyumbani alileta pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yenye viazi na kitunguu ndani, akala soseji, akacheka panapochekwa. Watu walidhani ni ujirani. Ujirani wapi! Ile nafasi aliivizia. Alikuwa akifika alfajiri, mwenyewe, na chupa ya kahawa, mpaka mwenye nafasi wa zamani akachoka kubanwa akahamia kule karibu na vyoo. Renata alitaka kukaa karibu na mtu huyo, na alikuwa tayari kungoja.

Siku ya mechi ya kwanza ya kirafiki, mwezi Agosti, jua linachoma kokoto, gumzo lilikuwa moja tu: Marquel Tibbs. Huyu ndiye chipukizi ambaye timu ilimchagua majira ya kuchipua, mdakaji wa pembeni, yule anayetimka mbali kuusubiri mpira wa mrushaji. Picha yake akiwa kifua wazi, siku ya kupimwa, ilikuwa kwenye kila simu.

"Hebu itazameni hii miguu," alisema Kocha, ameishika simu ya Duane mbali na macho. "Hii ni miguu au njiti za kiberiti? Wanalipwa mishahara mwaka mzima kusaka vipaji, halafu wanatuletea njiti!"

"Kocha, acha mambo ya kizamani," alidakia Latrice Boykin. Latrice aliendesha basi la shule, na sauti yake ilizoea kushindana na watoto hamsini. "Kazi yake kukimbia na kudaka. Nani kamwambia atabeba friji?"

"Akishadaka, nani anamngoja pale? Beki wa kilo mia, anakuja kama lori lililokatika breki. Hapo utakuja kunieleza habari za friji."

"Kwanza amkamate!"

"Atamkamata. Atamkunja, atamtia mfukoni, ataondoka naye."

Duane Sciandra, fundi wa paa, pande la mtu, alijikuna shingo. "Mimi niko katikati, jamani. Mikono anayo, hilo tusimnyime. Tazama, mkono unakaribia goti. Lakini nyonga hana. Hana kabisa! Hiyo suruali inashikiliwa na maombi ya mama yake."

"Wewe una nyonga za watu watatu," Latrice akamgeukia, "umewahi kudaka nini maishani zaidi ya chupa ya bia?"

Walicheka mpaka jirani wa gari la tatu akauliza kuna nini. Kocha naye alicheka, akakohoa, akajifunika vizuri koti lake. Ndiyo, koti. Joto lile, na mzee alikuwa amevaa koti zito la timu, lile la majira ya baridi linalofika mapajani. Walishamtania mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba damu ya uzee haina moto. Tena mwaka ule alichoma nyama, akagawa, mwenyewe akadonoadonoa kama kuku. Renata aliyaona hayo, akayapita. Alikuwa na lake.

"Hawa nawajua," Kocha aliendelea, akigeuza soseji. "Nilipokuwa nafundisha shule, kila Agosti walikuwa wananijia. Wamejijaza manguo ili waonekane watu. Unamshika tu, kwisha habari yake. Mfupa wa kuku huo! Mrudishe kwao akatiwe kwenye supu."

Kisu cha Renata kilisimama juu ya kitunguu.

Maneno yale yale. Hakubadilisha hata moja.

Miaka mingi iliyopita, Renata alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa uwanja wa shule, ameshika chupa ya maji aliyoisahau Kaz. Kaz wake, mwanawe Kazimierz, alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama fimbo ya fagio, na hakuna mpira uliorushwa mtaani kwao ambao hakuudaka. Asubuhi ile alikuwa amevaa soksi ndefu mbili mbili, moja juu ya nyingine, ili miguu ijae. Renata alimwona akizivaa, akanyamaza. Na Kocha, enzi hizo mtu mwenye mabega ya mlango na mikono kama koleo, alimwita mbele ya wenzake wote, akachuchumaa, akaivuta soksi ya kwanza chini. Akaikuta ya pili. Akacheka. Kaz akasema, kwa sauti ndogo ambayo Renata aliisikia hata kutoka kwenye uzio, "Niachie hata moja, Kocha." Kocha akaishusha nayo. Akauzungusha mkono wake kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, vidole vikakutana, akauinua ule mguu juu kidogo ili wote waone. "Mfupa wa kuku huu! Mrudisheni kwao akatiwe kwenye supu." Wavulana wakacheka. Walicheka hasa, wale waliokuwa wanene na wale waliokuwa wembamba wakiomba zamu yao isifike.

Kaz hakudaka mpira tena. Sasa yuko Oregon, mtu mzima, ana mke. Huja kumwona mama yake Pasaka, kamwe si msimu wa mpira. Na hata kiangazi, watu wakiwa ziwani, hajavaa kaptula tangu siku ile. Mke wake aliwahi kumwuliza Renata kama mguuni kuna kovu.

Sasa niambie kama ungesahau wewe.

"Kocha," alisema Renata, na sauti yake ilikuwa tulivu mno hata Latrice akamtazama. "Marquel atafunga. Kabla theluji haijakaa chini."

"Thubutu! Kabla ya theluji atakuwa kwenye plasta."

"Tuweke meza."

Duane alipiga mluzi. Maegeshoni kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Meza ni meza ya kukunja, ile ya plastiki. Aliyeshindwa anapanda nyuma ya gari la mizigo na kujirusha juu yake mbele ya watu, na masharti yake kila mtu anayajua. Koti linavuliwa, maana koti ni godoro, na godoro ni wizi. Meza isipovunjika, deni halijalipwa, unapanda tena. Na mwenye kusamehe ni mmoja tu, yule aliyeshinda.

"Mama, na hiyo nyonga yako ya chuma uliyowekewa hospitali?" Latrice alinong'ona.

"Nyonga yangu iko salama. Sharti langu moja. Atakayeshindwa, kabla hajaruka, atatamka kwa sauti maneno atakayopewa na mwenzake. Yoyote yale."

Kocha alimtazama akicheka kwa macho. "Basi anza kuyazoea haya: Kocha Walt ni bingwa, na pierogi zangu hazina chumvi."

Wakapeana mikono. Kocha alikuwa amevaa glavu za kuchomea nyama.

Ukitaka kujua, Renata hakulala vizuri msimu ule. Si kwa ajili ya nyonga. Alijua amemweka mwanawe mezani bila kumwuliza. Marquel akishindwa, yeye atasimama juu ya gari na kutangaza kwamba Kocha ni bingwa wa mifupa, na itakuwa sawa na kumshusha Kaz soksi kwa mkono wake mwenyewe. Kila alipomwona yule kijana akiingia uwanjani, vimiguu vyembamba ndani ya suruali ya kubana, alitazama soksi zake kwanza.

Na kijana alianza vibaya, tusifichane. Mpira wa kwanza aliorushiwa ulimpiga kifuani ukaanguka. Kocha alikuja mechi iliyofuata na kiberiti, akachomoa njiti, akaivunja mbele ya pua ya Renata, tak! "Sikiliza hiyo," akasema. "Ni goti lake." Mwezi wa kumi beki mmoja alimkuta kijana hewani, akampindua, na kijana akatolewa nje akiegemea watu wawili. Nyuma, maegeshoni, Kocha alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na redio, maana mwaka ule hakuwa akiingia uwanjani, alisema ngazi zimekuwa nyingi. Renata aliporudi alimkuta na njiti tayari mkononi.

"Usiivunje," alisema Renata.

"Kwani unaogopa?"

"Nakuonea huruma. Hujui unachokichezea."

"Dada, mifupa haisemi uongo."

"Sawa, Kocha. Sawa." Akaenda kukaa ndani ya gari lake na kufunga vioo, akamtukana mzee yule kwa Kipolandi chote alichoachiwa na bibi yake, mpaka kikaisha akaongeza cha Kiingereza.

Ikafika Novemba. Watabiri wa hali ya hewa walisema theluji ya ziwani itashuka Jumapili jioni na kukaa, na Jumapili hiyo hiyo timu ya Miami ilikuwa inakuja. Marquel alikuwa amepona, lakini alikaa benchi robo mbili nzima za mechi. Robo ya tatu wakamwingiza kwa sababu mwenzake aliumia kidole. Renata hakumtazama mtu mwingine. Alimwona anapanga miguu yake pembeni, mbele yake beki mpana, na yule beki alikuwa anamcheka! Alikuwa anamcheka usoni.

Mpira ukachezwa. Beki alitupa mikono yote miwili kumzuia, akashika upepo. Kijana alikuwa ameshapita, amejipenyeza mahali ambapo mtu mwenye nyonga asingepenya. Mrushaji akautupa mbali, mbali kupita kiasi, watu wakaanza kuguna. Na ile mikono mirefu ikanyooka, ikanyooka tena, ikaudaka mpira kwa ncha za vidole kwenye kona ya eneo la kufungia, soli mbili ndani ya mstari. Refa akainua mikono.

Renata hakushangilia. Latrice alikuwa anamtikisa, anapiga kelele, "Mama! Njiti imewaka! Njiti imewaka!" na yeye alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, nyonga ya chuma na yote, anasukuma watu. Mechi ilikuwa haijaisha. Ya nini mechi?

Kocha alikuwa ameshasikia redioni. Alimwona Renata anakuja, akazima redio, akajichekesha.

"Haya. Amefunga. Kipofu naye hupata siku yake."

"Tutawangoja watu," alisema Renata. "Nataka wawepo wote."

Akasimama pale pale mbele yake, mikono kifuani, mpaka uwanja ukamwagika na maegesho yakajaa. Habari ilienea upesi, vijana wa magari ya jirani wakaja na simu zao, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, "Meza! Meza! Meza!" Duane akakunjua meza nyuma ya gari lake la mizigo. Kocha akapandishwa.

"Koti," alisema Renata.

"Renata, baridi hii…"

"Koti ni godoro."

Akalivua. Akampa.

Makofi yakapungua kwa waliokuwa karibu. Mtu yule wa mabega ya mlango hakuwepo. Jezi ilining'inia juu yake kama iliyoanikwa kambani, shingo imechomoza, mikono imebaki ngozi na mishipa.

"Kocha," Duane alisema. "Umekuwaje?"

"Tumbo. Tangu Machi. Madaktari wamekata, wamekata, mpaka wamechoka." Akawatolea macho. "Mnatazama nini? Nimeshindwa dau, sijafa! Renata, lete maneno yako."

Hapo pangemtosha mtu mwingine. Renata alihisi jambo fulani likimlegea kifuani, akalikaza. Miaka yote hii. Hapana.

"Sema hivi: Nilikosea kuhusu Kazimierz Dudek."

Kocha, ambaye miaka yote alimjua kwa jina la Renata tu, alikunja uso. "Ndiye nani huyo? Wa Miami?"

Vijana waliangua kicheko. Renata alihisi damu inampanda mpaka kwenye macho. Alikuwa ameyapanga maneno yale msimu kwa msimu, akipika, akioga, akiendesha gari. Alikuwa ameiona sura ya mzee ikibadilika kwa kulisikia jina. Sura haikubadilika. Hakuna kilichokuwemo. Mzee alikuwa amemvunja mtoto wa watu akaenda kula chakula cha mchana.

"Sema tu," alisema.

Kocha akatanua mikono, akapaza sauti kama mtu anayetangaza bei sokoni. "Nilikosea kuhusu Kazimierz Dudek!" Watu wakashangilia wasichokijua. Akaruka.

Meza haikuvunjika.

Ilibonyea katikati, ikainuka, ikamrusha pembeni, akaangukia kokoto kwa kiwiko. Kicheko kikalipuka kutoka nyuma, kwa wale wasiomjua, waliokuja na simu tu. "Hata meza haina habari naye!" mmoja alipiga kelele. "Mpeni mchanga mfukoni!"

Renata alikuwa wa kwanza kumfikia. Watu walidhani anamwinua. Alipiga magoti, akaushika mkono wake, akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo. Vikakutana. Vikapishana, na nafasi ikabaki. Akauinua ule mkono juu kidogo, wote wauone.

"Mfupa wa kuku huu," alisema. "Mrudisheni kwao akatiwe kwenye supu."

Walt Pietrowski aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa Renata.

"Soksi," alisema polepole. "Yule aliyevaa soksi juu ya soksi."

"Ni mwanangu."

"Alikuwa anadaka yule. Nilimwona siku ya kwanza. Alikuwa anadaka vizuri kuliko wote."

"Nawe ukamshusha soksi."

"Nikamshusha." Akamwinulia macho. "Umekula soseji zangu miaka yote hii."

"Nimezila."

Duane alikuja akamshika mzee kwapani, akamsimamisha. Kiwiko kilikuwa kinatoa damu. "Basi, yatosha. Tuseme imevunjika. Nani hapa anasema haikuvunjika?" Hata vijana wa nyuma walikuwa wameshusha simu. Latrice alimshika Renata begani. "Mama, ni wewe peke yako unayeweza kumsamehe. Sema neno, tukale."

Renata aliitazama meza. Ilikuwa imesimama kwa miguu yake yote minne.

"Meza ni nzima," alisema.

"Mama!"

"Mwache," alisema Walt. "Ana haki yake." Akajifuta kiwiko kwenye jezi, akalifuata gari la mizigo, akalishika ubavuni. Kisha akageuka. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kumtua kichwani. Alilitazama koti lake kwenye mkono wa Renata, na aliposema, alisema kwa sauti ndogo.

"Niachie hata koti, Renata. Nipate uzito kidogo, ivunjike."

Lilikuwa zito kweli, lile koti, na bado lilikuwa na joto lake. Renata alilikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akalibana kwapani.

"Hapana," alisema. "Panda hivyo hivyo."

Akasimama kungoja, na asikudanganye mtu kwamba alijisikia vibaya.